Tupeane uzoefu: kikumbo cha hoki ya barafuni ambacho hujakisahau, na sauti iliyokusimulia

Mleta mada, Montreal

Wanajamvi wapendwa, nawasalimu nyote mlipo.

Kwa wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki na Kongo, hoki ni mpira wa magongo wa kwenye nyasi, ule ambao Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971. Hoki ya barafuni tumeikuta ughaibuni, tukaanza kwa kuishangaa, na wengine tumeishia kuwa mashabiki ambao hawapokei simu Jumamosi usiku. Leo naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja: vikumbo vya hatari, hasa vya kichwani, na jinsi watangazaji na wachambuzi wanavyotusimulia baada ya kutokea. Ubishi wa timu ipi ni bora tuuweke kando. Kila mmoja aeleze alichokiona, alikuwa wapi, aliambiwa nini, na mwenyewe alibaki na nini.

Kwa wasioufahamu mchezo, kumpiga mpinzani kikumbo ni halali ikiwa ndiye mwenye kisahani (kile kinachochezwa badala ya mpira) au ametoka kukiachia punde hiyo. Si halali kumsukuma kwa nyuma akielekea ukutani. Kuhusu kichwa, NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, haikuwa na kanuni mahususi hadi Machi 2010, baada ya Matt Cooke wa Pittsburgh kumgonga Marc Savard wa Boston kutoka ubavuni, mahali ambapo Savard hakuwa akiangalia. Cooke hakupewa hata dakika mbili za kukaa kwenye kizimba cha adhabu, kwa kuwa hakukuwa na kanuni aliyoivunja. Mwezi huohuo ndipo ilipotungwa Kanuni ya 48, na mwaka uliofuata ikapanuliwa. Savard alijaribu kurudi, akagongwa tena Januari 2011, na hakucheza tena.

Naanza mwenyewe. Usiku wa tarehe 8 Machi 2011 nilikuwa naendesha teksi. Nilikuwa nimeegesha mitaa miwili kutoka uwanja wa Bell Centre, nikaingia mgahawani kununua kahawa wakati Canadiens, timu yetu ya Montreal, wakicheza na Boston. Kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia mwisho. Max Pacioretty alikuwa anakimbiza kisahani kandokando ya mabenchi, na Zdeno Chara wa Boston, mtu wa sentimita 206, akamsukumia ukutani mahali ambapo kioo kinakatika na kuanza tena, penye nguzo. Kichwa cha Pacioretty kikaikuta nguzo. Aliyekuwa ananitengenezea kahawa aliacha maziwa kwenye bomba la mvuke, yakapanda, yakamwagika, na hakuna aliyemwambia kitu. Kijana alilala pale chini bila kutikisika, na mgahawa mzima ukawa kimya kiasi kwamba nilisikia mlio wa friji.

Pacioretty alivunjika mojawapo ya pingili za shingo. Refa alimtoa Chara uwanjani, lakini kesho yake ligi ikaamua kutomfungia hata mechi moja, kwa maelezo kwamba hapakuwa na ushahidi wa kukusudia. Mji ulichemka. Mashabiki walipiga simu ya dharura ya polisi kumshitaki, polisi wakafungua uchunguzi, Air Canada ikaiandikia ligi kutishia kuondoa udhamini wake, na mmiliki wa timu akaandika barua ya wazi. Mwezi Novemba waendesha mashitaka walisema hakuna kesi. Pacioretty, kwa bahati njema, alirudi msimu uliofuata na kufunga mabao 33.

Kilichonikaa moyoni ni kitu kidogo. Usiku ule niliisikia ile nguzo mara moja tu. Baada ya hapo televisheni iliyarudia yale mapicha mara nyingi mno, kutoka kila upande, kwa mwendo wa pole, na kila mara sauti ya nguzo ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa sauti ya mchambuzi. Abiria niliowabeba baada ya mechi, baba na mwanawe, walibishana hadi Laval, na niligundua kwamba hawakubishana juu ya walichokiona. Walibishana juu ya mchambuzi yupi amesema kweli. Marudio ya pole nayo yana dhambi yake, maana tendo la nusu sekunde likinyooshwa hadi sekunde nane, mtu mwenye haraka huonekana mtu mwenye nia.


Mlinzi wa Lango la Nyuma, Toronto

Ndugu mleta mada, ahsante kwa kulifungua hili. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeingia Toronto mwaka 1996, na kazi yangu imekuwa ulinzi wa majengo. Hoki nilifundishwa na televisheni ndogo iliyokuwa kwenye chumba cha walinzi, na mwalimu wangu alikuwa Don Cherry.

Wasiomjua nitawaeleza. Kila Jumamosi, katika kile kipindi cha Hockey Night in Canada ambacho kimekuwa kwenye televisheni tangu mwaka 1952, mapumziko ya kwanza yalikuwa yake. Alikaa na Ron MacLean, amevaa koti la maua na kola iliyosimama hadi kwenye taya, akapiga meza, akatuambia nani mwanamume na nani si mwanamume. Marehemu mke wangu aliwahi kuchungulia akasema yule mzee amejitanda leso isiyo na jina. Tangu mwaka 1989 alikuwa akiuza kanda zenye ngumi na vikumbo vya msimu mzima, vikiwa vimeunganishwa na muziki, na mimi nilinunua kanda tatu kati ya hizo, za mkono wa pili, na nikazitazama hadi zikakwaruza.

Haki yake lazima nimpe. Kulikuwa na kanuni iliyowalazimu wachezaji wawili kushindana mbio hadi ukuta wa mwisho, nani atakigusa kisahani kwanza, na watu walivunjika miguu pale. Cherry aliipigia kelele kanuni hiyo kwa miaka na mikaka, wakati wachambuzi wenye makoti ya heshima wakinyamaza, na ligi iliibadilisha mwaka 2013. Kwa hiyo anayedai kwamba yule mzee hakujali miili ya vijana hajamsikiliza vya kutosha. Lakini mtu huyohuyo, Oktoba 2011, aliwatukana hewani wachezaji wastaafu watatu, waliokuwa wapiganaji wa timu zao, kwa sababu ya waliyoyasema kuhusu kazi yao ya zamani, kisha ikambidi aombe radhi.

Sasa nifike kwenye usiku wangu. Ilikuwa tarehe 9 Novemba 2019, siku mbili kabla ya Siku ya Kumbukumbu ya wanajeshi. Nilikuwa kazini, ua jekundu nimelibandika kwenye sare, kama ninavyofanya kila mwaka, kwa kuwa babu yangu mzaa baba alikwenda Burma na jeshi la KAR na akarudi na sikio moja linalosikia. Cherry akaanza kusema juu ya wahamiaji ambao hawavai lile ua, akasema "nyinyi watu", kwamba mmekuja kula maziwa na asali yetu na hata dola mbili za ua hamtoi. Tarehe 11 alifukuzwa kazi.

Watu wengi waliniuliza kama niliumia. Kwa kweli niliduwaa zaidi ya kuumia. Nilijishika ua langu kana kwamba nahakikisha lipo. Halafu fikra iliyonijia haikuhusu ua wala Burma. Nilijiambia kwamba kwa miaka 23 sauti hii ndiyo iliyokuwa inaniambia kikumbo kipi ni safi na kipi ni kichafu, nani kagongwa na nani kajiangusha, nami nimekuwa nikiamini bila kuhoji. Kama ameweza kunitazama mimi, niliyekaa mbele yake kila Jumamosi, na asinione, basi kuna wengine wangapi ambao hakuwaona pale walipokuwa wamelala barafuni?

Kanda zile zipo bado kwenye boksi. Mashine ya kuzichezea ndiyo iliyokufa.


Mtanga wa Newark

Shikamoo wakubwa. Najua natia mchanga kwenye kitumbua, lakini naona mjadala umeanza kuelekea upande mmoja, na mimi niko upande wa pili.

Timu yangu ni New Jersey Devils, na nahodha wangu, hata leo, ni Scott Stevens. Tarehe 7 Juni 2003, mechi ya sita ya fainali, kule Anaheim, Paul Kariya alitoa pasi, akabaki anaisindikiza kwa macho, na Stevens akaja na bega. Nilikuwa kwenye chumba cha kupumzikia cha ghala tulilokuwa tukifanyia kazi karibu na bandari, watu kumi na mbili wa mataifa saba, na sote tulisimama. Sauti ya televisheni ilikuwa juu kabisa, na bado tuliiongeza. Refa hakupuliza filimbi, kwa sababu kwa kanuni za wakati ule hapakuwa na kosa. Kariya alitolewa, dakika chache baadaye akarudi, na katika kipindi kilekile cha pili akafunga bao, mtangazaji akipiga ukelele wa kuoanisha sakafu alikotoka na ubao wa mabao alikofika. Sisi tulipoteza mechi ile 5 kwa 2, kisha tukachukua kombe siku mbili baadaye kwa 3 kwa 0. Mpaka leo sijawahi kuona dakika za michezo zenye ladha kama zile.

Hoja yangu ni nyepesi. Hii si rede. Mchezaji anayeteleza na kisahani huku ameinamisha kichwa ni sawa na mtu anayevuka Barabara ya Morogoro akisoma ujumbe kwenye simu, na hofu ya bega la mtu kama Stevens ndiyo iliyowafundisha vizazi vya wachezaji kuinua macho. Mkiiondoa hofu hiyo, ufundi unapoteza bei yake. Ngumi za nyuma ya kichwa, kama ile ambayo Todd Bertuzzi alimpiga Steve Moore kule Vancouver mwaka 2004 akamvunja pingili tatu za shingo, hizo sizitetei hata kidogo, na ilikuwa sawa suala lile kufika mahakamani. Lakini kikumbo cha mbele, cha bega, kwa mtu mwenye kisahani au aliyekitoa sasa hivi, kwangu mimi ndicho roho ya mchezo. Vyombo vya habari siku hizi vinatangaza kila kikumbo kama ajali ya basi.


Muuguzi wa Zamu ya Usiku, Saint Paul

Marahaba, mdogo wangu wa Newark. Nimekusoma bila hasira. Mimi nitaeleza jambo ambalo sikuliona, kwa sababu nilipokuwa nimesimama hapakuonekana uwanja.

Kati ya mwaka 2007 na 2010 kikundi chetu cha kanisa kilikuwa kikifanya kazi kwenye kibanda cha vyakula ndani ya uwanja wa Minnesota Wild, na asilimia fulani ya mauzo ikaingia kwenye mfuko wetu wa misiba na ada za watoto. Kibanda kilikuwa nyuma ya ukuta mnene wa zege. Mechi nzima tuliifahamu kwa masikio tu. Bao lina sauti yake, linapanda ghafla na honi inafuata. Kipa akiokoa, watu hushusha pumzi. Lakini kulikuwa na sauti ya tatu, nzito, inayoanzia chini kama maji yanayoanza kuchemka, na ikianza hiyo, foleni iliyokuwa mbele yetu inayeyuka yote, watu wanaacha hata chenji zao, wanakimbilia kwenye viti. Tulijifunza haraka maana yake. Namba 24 ametupa glavu chini.

Derek Boogaard alikuwa na urefu wa karibu mita mbili na kazi yake ilikuwa kupigana, ili wapinzani wawaogope wenzake wenye vipaji. Katika mechi 277 za NHL alifunga mabao matatu. Pamoja na hayo watoto walinunua jezi yake, na mwanangu wa kiume alikuwa mmojawapo; alinisumbua msimu mzima hadi nikamnunulia kwa punguzo la wafanyakazi. Siku tulizouza vizuri zaidi zilikuwa siku za ngumi, maana baada ya ngumi watu hurudi na kiu. Hilo nalisema kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nahesabu fedha usiku.

Alifariki Mei 2011, akiwa na miaka 28, kwa mchanganyiko wa pombe na dawa za maumivu. Majira yaleyale ya joto walikufa wapiganaji wengine wawili, Rick Rypien na Wade Belak. Desemba, gazeti la New York Times lilichapisha mfululizo mrefu juu ya maisha ya Boogaard, na ndipo tulipojua kwamba madaktari wa Chuo Kikuu cha Boston walioukagua ubongo wake wameukuta na ule uharibifu unaoletwa na kugongwa kichwani mara kwa mara, uharibifu ambao hauonekani kwa hakika mpaka mtu afe na ubongo upasuliwe. Mimi nawahudumia wazee waliopotewa na kumbukumbu. Najua inavyokuwa mtu anapokuuliza mara ya tano kama mama yake ameshakuja. Kumfikiria kijana wa miaka 28 akiwa ameianza safari hiyo kulininyima usingizi, na nilikumbuka foleni zetu.

Kamishna wa ligi, Gary Bettman, ameendelea kwa miaka kukana kwamba uhusiano huo umethibitishwa. Mwaka 2018 ligi ilimalizana na wachezaji wastaafu 318 waliokuwa wameishitaki, kwa dola milioni 18.9, bila kukiri kosa lolote. Waulizeni wanaofuatilia mpira wa Kimarekani ligi yao ilitoa kiasi gani kwa jambo hilohilo. Ni karibu bilioni moja.

Jezi ya mwanangu haimtoshi tena. Hajanipa ruhusa ya kuitoa.


Mhasibu, Brooklyn

Nitasema machache, kwa kuwa mimi ni mtu wa tarakimu. Tarehe 3 Mei 2021, Tom Wilson wa Washington alimpiga ngumi Pavel Buchnevich wa New York Rangers akiwa amelala kifudifudi, kisha akambwaga Artemi Panarin barafuni. Faini yake ilikuwa dola 5,000, kiwango cha juu kabisa ambacho makubaliano yaliruhusu bila kumfungia, kwa mtu anayelipwa zaidi ya milioni tano kwa msimu. Rangers walitoa tamko kwamba mkuu wa idara ya usalama wa wachezaji, George Parros, ambaye mwenyewe alikuwa mpiganaji enzi zake, hafai kazi hiyo. Kwa tamko hilo wakatozwa dola 250,000. Neno moja, kwa hesabu yangu, ni ghali mara hamsini kuliko ngumi.

Siku mbili baadaye timu hizohizo zilikutana tena, na ngumi zilianza kisahani kilipoangushwa tu. Ndani ya dakika tano za kwanza walikuwa wamepigana mara sita. Sijawahi kuona ofisini kwetu watu wengi kiasi kile wakiulizana mechi inaonyeshwa chaneli gani.


Mama Kipa, Calgary

Nimesita kuandika, lakini ya dada wa Saint Paul yamenitoa woga. Nisamehewe kwa urefu.

Mtoto wangu wa kwanza, kabla ya huyu wa sasa ambaye ni kipa, alikuwa mshambuliaji. Hapa Kanada, tangu mwaka 2013, watoto wa miaka 11 na 12 hawaruhusiwi kupigana vikumbo. Sababu mojawapo ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, hapa kwetu, uliotoka mwaka 2010. Walilinganisha watoto wa Alberta, walioruhusiwa vikumbo katika umri huo, na wa Quebec, ambao hawakuruhusiwa. Watoto wa Alberta walikuwa na hatari ya mtikisiko wa ubongo zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo mwanangu alilelewa katika kanuni mpya, na alipofika miaka 13 ndipo vikumbo vilipofunguliwa, na wazazi wengine walisherehekea kana kwamba mtoto ametoka jandoni.

Ilikuwa mechi yake ya nne msimu huo. Aligongwa kando ya ukuta, helmeti ikakutana na kioo, akaanguka, akainuka, akateleza hadi kwenye benchi la timu pinzani na kukaa. Watu walicheka. Kocha alimwita, akamtazama usoni, akaniambia mlangoni kwamba ametikiswa kidogo tu, atalala itaisha. Mimi sikujua zaidi ya hapo, nikamwamini.

Ndani ya gari, mfuko wa vifaa unanuka kama kawaida, madirisha yameganda, akaniuliza, "Mama, tumeshinda?" Nikamwambia tumeshindwa, nne kwa mbili. Tukafika taa za kwanza. "Mama, tumeshinda?" Nikadhani anatania. Tulipofika daraja la mto Bow aliniuliza kwa mara ya tatu, kwa sauti ileile, kwa mpangilio uleule wa maneno, na nilipogeuka kumtazama hakuwa anatania. Niligeuza gari kuelekea hospitali. Alikaa wiki saba bila shule kamili, chumba kimefungwa mapazia, hata mlio wa kijiko kwenye kikombe ulikuwa unamuumiza.

Sasa ndiyo nifike kwenye mada. Mzazi mmoja wa timu ile nyingine alikuwa anarekodi. Kesho yake kipande kile kilikuwa kinazunguka kwenye simu za watoto, kimepunguzwa mwendo, kimewekewa mlio wa kengele pale kichwa kinapogusa kioo na muziki baada yake, kwa mtindo ambao watoto wameuona kwenye vipande vya ligi kubwa. Mwanangu alipopona alikitafuta, akakitazama mara nyingi, peke yake. Nilimkemea, akanijibu jambo ambalo sijalipatia jibu. Alisema yeye usiku ule hana kumbukumbu nao hata kidogo, kwa hiyo kipande kile ndicho kitu pekee alichobaki nacho. Kumbukumbu ya mwanangu ya kichwa chake mwenyewe ina kengele, na ile kengele haikulia.

Hachezi tena. Anapenda kupiga picha. Mdogo wake alipoomba kucheza, tulikubaliana awe kipa, nami nikabadilisha jina humu.


Mleta mada, Montreal

Mama Kipa, pole sana, na ahsante. Ndugu Mtanga, sikukatai, maana nimezipenda dakika zile za mwaka 2003 kama ulivyozipenda wewe. Ila Kariya huyohuyo alistaafu mwaka 2011 kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo, akiilaumu ligi kwa kutowalinda wachezaji. Nakuomba kitu kimoja, na si kwa ubishi. Itafute mechi ile, uitazame sauti ikiwa imezimwa kabisa, kisha utuambie.


Mgeni wa Sheffield

Nilikuwa uwanjani Sheffield tarehe 28 Oktoba 2023. Ilikuwa mara yangu ya kwanza na ya mwisho kwenda kuutazama mchezo huu. Wenzangu wa kazini walinikatia tiketi. Adam Johnson wa Nottingham Panthers, mwenye miaka 29, alikatwa shingoni na chuma cha kiatu cha mchezaji mwingine, Matt Petgrave, walipogongana, akafariki. Sitaeleza nilichokiona. Tuliambiwa tutoke, na watu elfu kadhaa walitoka wakiwa kimya, kama wanaotoka makaburini.

Nitakachokisema ni cha baadaye. Usiku ule mimi niliyekuwepo sikuwa na hakika ya kitu chochote kuhusu mgongano wenyewe, ulipita upesi mno. Asubuhi, watu walioko bara jingine, wenye kipande cha sekunde tano, walikuwa na hakika zote: nia ilikuwa nini, mguu uliinuliwa kwa sababu gani, na, kwa kuwa Petgrave ni mweusi, wengine waliongeza na rangi yake katika ushahidi. Polisi walimkamata mwezi Novemba, na mnamo Aprili 2025 waendesha mashitaka wakaamua kwamba hatashitakiwa. Mwaka mmoja na nusu, kwa kosa ambalo mitandao ilikuwa imeshalihukumu kabla ya kifungua kinywa. Kinga za shingo zimekuwa lazima katika ligi ya hapa tangu Januari 2024. NHL nayo imekubali, lakini kwa wachezaji wapya tu, kuanzia msimu wa 2026–27.


Mteleza wa Mombasa Road, Nairobi

Naona wengi mnaandika kutoka kwenye baridi. Mimi niko kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya hoteli ya Panari, uliofunguliwa mwaka 2005, ambapo ukitoka nje ya mlango unakutana na joto na matatu. Ndipo ilipozaliwa Ice Lions, timu iliyokwenda Kanada mwaka 2018 na kucheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa mwaka 2024. Uwanja wenyewe ni mdogo na vifaa tunaazimana, kwa hiyo vikumbo tunavizuia. Mtu akianguka vibaya hapa, hakuna daktari wa timu.

Nasaidia kuwafundisha watoto. Mwezi uliopita alikuja mvulana wa miaka tisa, hajawahi kuvaa viatu vya chuma maishani, anashika ukuta kwa mikono miwili. Kabla hajaachia ukuta aliniuliza, "Kocha, kupigana tutaanza lini?" Nikamuuliza kama amewahi kuona bao la hoki. Akafikiri kidogo, akasema hapana. Alikuwa ameona vipande vingi kwenye simu ya kaka yake, na kwa kadiri alivyojua, ndivyo mchezo wenyewe ulivyo.


Mtanga wa Newark

Nimefanya ulivyoniomba, ndugu mleta mada. Nimeitazama jana usiku, sauti nimezima, watoto wamelala.

Bega la Stevens bado naliona ni zuri, nisiwadanganye. Lakini sikuwahi kugundua muda ambao Kariya alilala pale chini, kwa sababu kwenye kumbukumbu yangu tulikuwa tunapiga kelele ghalani na kelele zilikuwa zimeujaza muda ule. Bila sauti ni muda mrefu. Analala chali, hana dalili yoyote, na kamera imemkaribia usoni, na mimi nikajikuta nasogea kwenye kioo cha televisheni kama mtu anayetaka kusikiliza. Halafu kile kioo cha mbele ya helmeti yake kikaingia ukungu ghafla, kwa pumzi moja.

Nimeirudisha hapo mara nne. Sijaendelea hadi kwenye bao.